Naomba ushauri: mtoto wa mwaka na miezi minne hakai, nimnunulie kigari?

Nuru ya Uyole, saa 2:14 usiku
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Niko Uyole, Mbeya. Mtoto wangu wa kiume ana mwaka mmoja na miezi minne, hakai mwenyewe. Ukimkalisha anaporomokea pembeni. Ukimsimamisha miguu inakaza na kupishana kama mkasi, vidole vinaelekea chini. Kliniki walisema ni mtindio wa ubongo. Mafiati nimeona kigari cha plastiki cha kujifunzia kutembea, nimeshaacha elfu ishirini ya kushikilia. Je, kigari kitamsaidia, au nimtengenezee kiti? Naombeni majibu mapema, Ijumaa tunakwenda Makete kwa bibi yake.

Viungo Imara, saa 2:31 usiku
Dada, hiyo elfu ishirini kairudishe ukibahatika. Mtoto ambaye miguu inakaza, ukimning'iniza kwenye kigari anasukuma sakafu kwa vidole. Kila msukumo unazidi kuvuta misuli ya nyuma ya mguu, na baada ya muda kisigino hakigusi chini tena. Mgongo nao haujifunzi kitu kwa sababu kitambaa ndicho kinachombeba. Hata kwa mtoto asiye na tatizo lolote vigari hivi ni hatari, vinapinduka na kufika haraka kwenye jiko na ngazi. Kanada walipiga marufuku kuviuza tangu 2004.

Ukimbeba, mweke kiunoni au mgongoni miguu ikiwa imepanuka, mguu huu huku na mwingine kule. Kitenge cha mgongoni kikifungwa hivyo ni zoezi tosha la mapaja, tena la bure. Usimbebe kama mtoto mchanga, amelala mikononi huku miguu imebanana.

Mwalimu wa Kitengo, saa 2:40 usiku
Mimi nasisitiza haki ya elimu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 iko wazi, mtoto huyu ana haki ya kusoma kama wenzake. Anza mapema kuulizia shule ya msingi yenye kitengo maalumu, wengi wanakuja mtoto ana miaka tisa ndipo wanauliza.

Nuru ya Uyole, saa 2:46 usiku
Asante mwalimu, lakini ana mwaka na miezi minne tu. Kwanza akae. Kiti je?

Fundi Maboksi, saa 2:58 usiku
Kiti kinawezekana kwa maboksi, pesa kubwa huhitaji. Pita madukani Mwanjelwa uchukue maboksi magumu yasiyolowa. Gundi: kikombe 1 cha unga wa ngano kwa vikombe 5 vya maji. Koroga unga kwanza kwenye maji baridi kidogo, kisha mimina kwenye maji yanayochemka, ukikoroga mpaka uwe kama uji mzito usio na madonge. Bandika tabaka juu ya tabaka, mistari ya boksi ipishane, hili la wima, lile la mlalo. Uwe na unene wa sm 2 hivi. Kandamiza kwa matofali usiku kucha.

Sasa hapa ndipo watu wa Uyole wanapokosea. Kwa baridi na mvua za huko, mtu anaona juu pamekauka anaendelea, ndani bado mbichi. Wiki mbili baadaye kiti kinanuka ukungu na makalio yamezama. Gonga kwa kucha: kikilia kama ubao, kimekauka. Kikitoa sauti ya mkate, subiri. Ukimaliza kifunike chote kwa vipande vya karatasi na gundi, kikauke, kisha vanishi ili mikojo isipenye.

Vipimo ni vya mtoto wako, usichukue vya jirani. Kina cha kiti ni kutoka makalioni hadi nyuma ya goti, toa vidole viwili. Kikizidi, mtoto anateleza mbele na mgongo unapinda kama upinde. Upana ni nyonga na nafasi ya kidole kila upande. Kwa kuwa miguu inapishana, weka kigingi kinene katikati ya magoti, si kwenye kinena. Meza ya mbele iwe usawa wa viwiko, nyayo zikanyage ubao, zisining'inie. Akae dakika 20 hadi 30, kisha umbadilishe mkao. Kiti si mahali pa kumweka kutwa nzima.

Baridi ya Makete, saa 3:05 usiku
Makete msimu huu unampeleka nini mtoto wa misuli migumu? Baridi inakaza zaidi. Kama ni lazima, soksi, sweta, na maji ya vuguvugu kabla ya kumnyoosha viungo. Na bibi aambiwe, mtoto wa namna hii hanyoshwi kwa nguvu wala hakandwi kwa maji ya moto.

Nesi Mstaafu, saa 3:12 usiku
Dada, kabla ya kiti. Amewahi kupata degedege? Anatumia dawa yoyote? Kuna kitu alichokuwa anakiweza na sasa hakiwezi?

Nuru ya Uyole, saa 3:20 usiku
Shikamoo mama. Degedege ni la zamani. Naomba tubaki kwenye kiti, ndicho kinachonisumbua.

Nesi Mstaafu, saa 3:22 usiku
Marahaba. Umejibu moja kati ya matatu. Dawa?

Nuru ya Uyole, saa 3:41 usiku
Alikuwa anapewa fenobabitoni, dawa ya degedege, usiku. Nimeacha wiki tatu zilizopita. Ilikuwa inamlaza, mchana kutwa anasinzia, hachezi. Bibi ana dawa ya miti iliyosaidia watoto wengine na nimeshamwambia tunakuja, nauli nimelipa. Sikuacha kwa uzembe, niliona anateseka.
Shingo alikuwa anaweza kuishikilia, siku hizi inalegea. Na akiamka anashtuka, kichwa kinainama na mikono inafunguka, mara tano sita mfululizo, kisha analia.

Nesi Mstaafu, saa 3:50 usiku
Sikulaumu, usingizi huo unawatisha wazazi wengi. Ila soma taratibu.

Fenobabitoni haikatwi ghafla. Ubongo umeizoea, ukiikosa kwa mara moja, degedege hurudi kwa nguvu na linaweza kugoma kukata. Kusinzia kwa mwanzo mara nyingi hupungua baada ya wiki kadhaa, na kama hakupungui, daktari anashusha kipimo au anabadili dawa. Kipimo hufuata uzito, ndiyo maana mtoto hupimwa kila akirudi.

Huko kushtuka kwa mfululizo akiamka ni aina ya degedege mpaka daktari aseme vinginevyo. Likiambatana na kupoteza alichokuwa anakiweza, halisubiri Ijumaa. Kesho asubuhi mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, nenda na vidonge vilivyobaki. Usimrudishie kwa kukisia wala kumzidishia kufidia siku zilizopita. Akishtuka, mrekodi kwa simu mwili mzima uonekane, uso usifunikwe na blanketi. Video ya dakika moja inamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Degedege kubwa likija usiku: mlaze ubavu, legeza nguo, usiweke kijiko wala kidole mdomoni, usimpe maji, usimshikilie. Tazama saa. Likipita dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, ni hospitali usiku huohuo.

Tumaini wa Mbalizi, saa 3:58 usiku
Tuombe na dawa tumpe. Aliyetupa maombi ndiye aliyewapa madaktari akili. Usimwachie shetani nafasi kwa kuacha dawa.

Kijiwe cha Mwanjelwa, saa 4:09 usiku
Wakuu mnahangaika na chai, hadithi ya kutunga. Nimemuuliza pembeni mtoto alizaliwa na kilo ngapi, hajui. Alilia alipozaliwa? Hajui. Alipata manjano? Hajui. Kadi ya kliniki eti iko Tunduma. Mama gani hajui kama mwanawe alilia? Huyu anatupima tu.

Viungo Imara, saa 4:13 usiku
Kukaza, kupishana, kushtuka akiamka, vyote vimekaa mahali pake. Mtu wa kutunga hatoi maelezo ya namna hii.

Kijiwe cha Mwanjelwa, saa 4:15 usiku
Basi ajibu mwenyewe.

Nuru ya Uyole, saa 4:37 usiku
Mimi ni shangazi yake. Mama yake anafanya biashara mpakani Tunduma, kaniachia mtoto tangu ana miezi saba. Niliandika "wangu" kwa sababu ni wangu. Kadi anayo yeye. Hajui kama nimeacha dawa. Anajua tunakwenda Makete kusalimia.

Kijiwe cha Mwanjelwa, saa 4:40 usiku
Pole shangazi. Nimekosea, nisamehe.

Nesi Mstaafu, saa 4:46 usiku
Mpigie sasa hivi, usingoje asubuhi. Kwanza mwambie kuhusu dawa, maana daktari atauliza na majibu yenu lazima yafanane. Kisha apige picha kurasa zote za kadi na karatasi ya kutoka hospitali. Tunatafuta uzito wa kuzaliwa, kama alichelewa kulia, kama alilazwa kwa manjano au homa ya uti wa mgongo, na kipimo cha dawa kilichoandikwa. Pesa isikuzuie, watoto chini ya miaka 5 kwa sera hutibiwa bure vituo vya serikali. Dawa ikikosekana dirishani, uliza ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitalini.

Nauli ya Makete iache ipotee.

Viungo Imara, saa 4:52 usiku
Na anakula amekaaje, shangazi?

Nuru ya Uyole, saa 4:55 usiku
Namlaza mapajani, kichwa nyuma, nammiminia uji. Anakohoa sana.

Viungo Imara, saa 5:01 usiku
Acha kuanzia kesho. Kichwa kikiwa nyuma njia ya hewa iko wazi, uji unaingia kifuani, ndiyo nimonia zisizokwisha. Mkalishe wima, kidevu kiinamie kifua kidogo. Uji uwe mzito wa kubaki kwenye kijiko ukikiinamisha. Kijiko kitoke mbele, chini ya usawa wa mdomo. Ngoja ameze ndipo uongeze. Akimaliza abaki wima nusu saa. Na daktari umwambie kuhusu kikohozi hicho.

Nuru ya Uyole, saa 5:48 usiku
Nimempigia. Amelia, kisha amekasirika, kisha ametuma picha. Alizaliwa kilo 2.1, "hakulia mara moja". Anapanda gari la alfajiri, tutakutana hospitali. Vidonge vimebaki kumi na moja, nimevitia kwenye pochi. Ndaga fijo, asanteni sana nyote.
Fundi, nimempima akiwa amelala, goti hadi kisigino sm 19. Ni sawa?

Fundi Maboksi, saa 5:53 usiku
Usipime amelala, mguu ukinyooka vidole vinakudanganya. Mama yake akifika ampakate, goti likunjwe, unyayo uwe bapa kwenye mkono wako, ndipo upime. Maboksi yatakungoja.