Nipangeje bajeti ya Krismasi kuanzia sasa ili Januari isinikute na deni?

Mwalimu wa Mwanga (Kigoma)

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma mjini, nina mke na watoto watatu, na kila mwisho wa mwaka tunakwenda kijijini, wilayani Kasulu, kula Krismasi na wazazi. Mwaka jana nilidhamiria kutumia shilingi 350,000. Baada ya sikukuu niliketi na daftari nikakuta nimetumia 710,000: mbuzi 120,000, nguo na viatu vya watoto 135,000, nauli ya kwenda na kurudi 80,000, mchele, mafuta na soda 140,000, na nyingine 235,000 ambazo hadi leo siwezi kuzieleza. Mshahara wa Desemba ulitoka kabla ya sikukuu, tukashangilia, lakini wa Januari uliingia baada ya siku 36, na katikati yake shule zilikuwa zimefunguliwa. Ada hatulipi, ni kweli, ila sare na madaftari havijui habari ya elimu bila malipo. Nikakopa 200,000 kwa wale tunaowaita kausha damu, na baada ya mwezi mmoja nikarudisha 260,000. Sasa tuko katikati ya Septemba. Nianzie wapi? Je, ni busara kununua vitu mapema au kutunza fedha taslimu?

Mama Kiloleni (Tabora)

Mwalimu, pole na hongera, maana wengi wetu hata hilo daftari hatulifungui. Mbuzi wako hana kosa, wala nauli. Ulikopa 200,000, na fedha usiyoweza kuieleza ni 235,000. Kwa hiyo mkopo wako wote ulizaliwa humo. Nami naweza kukukumbusha ilikokwenda ingawa sikuwapo: shangazi aliyefika na wajukuu ambao hukuwatarajia, kreti ya soda iliyokwisha saa nane mchana ukamtuma kijana wa bodaboda kuleta nyingine, mchango wa kanisani, wazee wawili watatu waliokushika mkono wakakuambia umenenepa. Matumizi haya hayakwepeki kwa mtu anayetoka mjini, basi yape fungu lake katika bajeti badala ya kujifanya hayapo. Mimi hutenga 60,000, nazibadilisha ziwe noti za elfu mbili mbili na elfu tano tano, nazitia katika bahasha moja ndani ya mkoba. Bahasha ikiisha, natoa maembe. Ya Tabora huwa tayari yameiva wakati huo, na hakuna aliyewahi kununa.

La pili, bajeti ya Krismasi ianzie Januari. Siku mshahara wa Desemba unapoingia, kabla hujapanda gari, hesabu siku zilizopo mpaka mshahara unaofuata. Kama nyumba yako inakula 10,000 kwa siku, siku 36 ni 360,000, na hizo si zako tena. Sare nunua Novemba. Kinachobaki baada ya hapo, pamoja na ulichokuwa ukitunza tangu sasa, ndicho cha sikukuu, hata kikiwa kidogo kiasi cha kukutia aibu.

Kuhusu kutunza, kikoba kinasaidia, ila angalieni siku ya kuvunja. Kikundi chetu kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti. Zamani tulikuwa tunagawana wiki moja kabla ya Krismasi, na fedha ya mwaka mzima ilikuwa ikiyeyuka kwa siku nne. Tukakubaliana, kwa ugomvi mkubwa, kugawana Jumamosi ya kwanza ya Januari. Dada mmoja alijitoa kwa hasira. Mwaka uliofuata alirudi.

Mchuuzi wa Kibirizi (Kigoma)

Shikamoo mama. Ushauri wako ni mzuri, lakini unamfaa mwenye mshahara. Sisi wa dagaa hatuna tarehe. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi ya taa haiingii ziwani, hivyo kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo mwaloni hakuna biashara ya maana. Tena mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo ilipofika Krismasi mtu alikuwa na miezi minne tu ya kujikusanya, nazo mvua za Novemba huzuia dagaa kukauka. Nikijiambia kwamba nitaweka 50,000 kila mwezi, najidanganya. Ninachofanya ni kuondoa 2,000 kwa kila gunia ninalouza, siku hiyohiyo, kabla sijamlipa mbebaji, na kuiweka katika laini ya simu isiyotumika kwa kazi nyingine, ambayo namba yake ya siri anaijua mke wangu peke yake. (Ndiyo, mke wangu. Mimi sijiamini.)

Juu ya kununua mapema, mwalimu, chagua cha kununua. Mchele ni sahihi, mradi uwe mkavu na uinuliwe kutoka sakafuni. Mawese nayo hukaa. Viatu vya watoto usithubutu. Nilivinunua Septemba kwa bei nzuri sana, na mkesha wa Krismasi mwanangu wa pili akatembea kwa visigino hadi kanisani kama mtu anayekanyaga makaa. Mbuzi nilinunua Agosti nikamwacha kijijini anenepe. Oktoba nikapigiwa simu kwamba anaumwa na wameona wamwahi. Walimla vizuri tu.

Mwalimu wa Mwanga

Nawashukuru wote, na mama, shikamoo. Limebaki moja ambalo naona ni gumu kuliko hesabu yenyewe. Kijijini tupo ndugu watano, lakini mwenye mshahara ni mimi, na mkubwa wetu ni kaka. Nikimwambia kaka kwamba mwaka huu nina kiasi fulani tu, ataona namfundisha kazi, na baba atasikia kwamba mke wangu amenibadilisha.

Mama Kiloleni

Marahaba, mwanangu. Usimwambie kiasi, mwombe shauri, na ulifanye hilo Oktoba, maana anayesema tarehe 24 anaonekana mnyimivu na anayesema mapema anaonekana mwenye mipango. Mpigie kaka mwenyewe, usimtumie ujumbe, wala mkeo asiwepo karibu na simu. Mwambie: kaka, naomba unigawie sehemu yangu katika sikukuu ya mwaka huu, nami nitaileta yote. Atakupa mbuzi au atakupa mchele; akikupa vyote viwili, mwulize kwa adabu wadogo zenu wamepangiwa nini, halafu nyamaza mpaka ajibu. Mwenye kuku atoe kuku, mwenye maharage atoe maharage. Fedha ya jikoni usiigawe mwenyewe. Mtumie mke wa kaka siku tatu kabla hujafika, kwa sababu ndiye anayejua sukari iliyopo ndani, na ukifika nayo mfukoni kila mtu atakuja kwako na orodha.

Mwalimu wa Mwanga

Nimeelewa. Kaka huwa anapatikana Jumapili jioni akitoka shamba, mtandao ukimruhusu. Nitampigia wiki ya kwanza ya Oktoba, na bahasha nimekwisha kuinunua.