Naomba ushauri: gari la michezo, betri mpya na ukaguzi wa moshi

Wakuu habari zenu, naombeni msaada wa mawazo. Nina gari la michezo la mwaka 2003, injini ya V8, mboni ya jicho langu. Hutoka kwa nadra na mvua halijui. Sasa ukaguzi wa moshi umekaribia.

Betri ilikufa, nikafunga mpya, na kumbukumbu ya kompyuta ikafutika. Taa ya injini haiwaki wala hakuna kosa lililorekodiwa, ila nikichomeka mashine ya kusomea naona vipimo viwili ambavyo kompyuta ya gari hujifanyia yenyewe likiendeshwa havijakamilika: cha masega ya ekzosi (yale yanayosafisha moshi) na cha mvuke wa tangi la petroli. Mkaguzi naye husoma hayohayo kupitia soketi ya chini ya dashibodi, kwa hiyo gari linaweza kurudishwa hata kama moshi wake ni safi.

Oili na plagi ni mpya. Nimeliendesha barabara kuu kwa spidi isiyobadilika, kisha kwenye foleni. Kipimo cha sensa za oksijeni kimekubali, hivi viwili vimegoma. Petroli naiweka karibu nusu, maana kipimo cha mvuke hakifanyiki tangi likijaa sana au likikaribia kuisha.

Waliowahi kukwama kwenye masega, mliendesha kwa spidi gani, muda gani, hadi kipimo kikakamilika? Na kituo kikitaka kulipandisha kwenye rola (magurudumu yazunguke gari likiwa limesimama), bampa la mbele lilivyo chini, mnalikingaje? (Njia za mkato za kununua cheti sizitaki.)