Mwalimu wa mbwa aje nyumbani, nimpeleke Dar au nimfundishe mwenyewe? (Mtwara)

Mpingo_Mweusi
Habari za jioni wakuu. Niko Mtwara mjini, nina dume langu chotara wa shepherd, nataka afundishwe. Njia nimepata tatu na nimekwama.

Kuna kijana anakuja nyumbani mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, anataka laki tatu na nusu. Anatumia mseto: mbwa akipatia anapewa kipande cha nyama, akikosea anavutwa kwa kola yenye meno. Kuna kambi moja Dar, mbwa anakaa huko miezi miwili, milioni moja na ushee pamoja na chakula, wanasema atarudi amekamilika. Ama nimfundishe mwenyewe kwa video, ambayo ni bure ukiacha bando.

Kesho kutwa natakiwa nimjibu yule kijana, ana wateja wengine. Ipi bora?

Kobe_wa_Shangani
Mkuu, bei za watu umetaja zote, mbwa mwenyewe hujamtaja. Ana umri gani? Anafungwa au anazurura? Ukuta upo? Watoto wapo? Na unataka afanye nini, alinde au akupe mkono mpigwe picha?

Daktari_Kupe
Naongeza: amechanjwa nini, na lini?

Binti_Mikindani
Na anaitwa nani 😀

Mpingo_Mweusi
Samahani wakuu, niliandika haraka. Anaitwa Simba, ana miezi saba. Nilimchukua Masasi akiwa na miezi mitatu na nusu. Muuzaji alisema amechanjwa ila karatasi hakunipa. Nakaa Naliendele, ua wangu ni michongoma, upande wa barabarani bado uko wazi. Mchana namfunga kwenye mwembe, usiku namfungulia. Nataka alinde, maana msimu wa korosho huwa nalaza magunia mawili matatu ndani kabla ya kupeleka ghalani. Watoto wawili, mkubwa ana miaka tisa.

Tatizo anakimbiza bodaboda. Na wiki iliyopita alimshika kanzu mzee mmoja aliyekuwa anakwenda swala ya alfajiri. Kanzu tu, hakumng'ata.

Kobe_wa_Shangani
"Kanzu tu." Habari yote iko hapo halafu umeitupa mkiani kabisa.

Mlinzi_Mstaafu
Nimeshika kamba za mbwa wa ulinzi miaka kumi na moja, kwa hiyo nisikilize. Chukua huyo kijana. Mseto ndio mafunzo yenyewe. Mbwa wa shepherd wa miezi saba ni kijana anayebalehe, nyama peke yake haimshiki. Anaona bodaboda inapita, wewe umeshika kipande cha firigisi, unadhani atachagua nini?

Ila umwangalie anavyofanya. Wiki mbili za mwanzo asiguse kola kabisa, amfundishe neno kwa nyama mpaka mbwa alijue akiwa ametulia. Akishalijua na akakataa kwa makusudi, ndipo anavuta mara moja, kifupi, na akitii tu anasifiwa papo hapo. Ukiona anavuta mbwa ambaye hata hajaelewa anaambiwa nini, mfukuze. Ukiona anavuta kwa hasira, mfukuze na hela yako akurudishie. Na kola ya meno si shanga, somo likiisha inavuliwa. Mbwa lazima ajue nani dume la kundi, lakini halijui kwa kipigo.

Binti_Mikindani
Mzee wangu, shikamoo kwanza. Hapo kwenye dume la kundi ndipo tunapoachana. Yule mtafiti Mmarekani aliyeyaeneza sana hayo mambo ya mbwa mwitu dume mkuu (wolf wa kwao, si mbwa mwitu wa mbugani kwetu), David Mech, aliandika mwenyewe mwaka 1999 kwamba kundi la mbwa mwitu porini ni familia tu, baba, mama na watoto wao. Hakuna kunyang'anyana ufalme. Mawazo ya awali yalitokana na wanyama wasiojuana waliofungiwa pamoja.

Halafu tazameni panya wa Morogoro, wale wa shirika la APOPO. Wanafundishwa kwa mlio wa "tik" na chakula kidogo. Ameipata harufu, tik, anakula. Panya hao wamenusa mabomu ya ardhini hapo Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma tu. Hakuna panya aliyevutwa shingo.

Mlinzi_Mstaafu
Marahaba binti. Panya hashiki watu kanzu.

Binti_Mikindani
🤣 Sawa. Lakini kanuni ni ileile, wakati ndio kila kitu. Zawadi ikichelewa sekunde tatu, mbwa ameshafanya jambo jingine na hilo ndilo umelilipia. Mpingo, jaribu leo usiku. Dagaa wakavu mfukoni, unasema "Simba", akikutazama tu, dagaa. Mara ishirini. Kesho ufanyie karibu na geti, keshokutwa bodaboda ikiwa mbali. Ukimsogeza barabarani siku ya kwanza umeshindwa.

Mtu_wa_Newala
Hela zote hizi za nini? Nunua mbwa wa kienyeji. Babu yangu kule juu alikuwa naye mmoja, hakujua kola wala mwalimu, na hakuna mtu aliyegusa korosho yake. Hawa shepherd joto la pwani linawatesa, saa sita mchana ulimi nje kama mtu amekimbia kutoka Tandahimba. Shemeji yangu alipeleka wake Liwale, ndorobo, wale mbung'o, hawakumpa mwaka.

Kobe_wa_Shangani
Mbwa wa babu yako hakujua mwalimu, na sindano je? Maana nyie wa mbwa wa kienyeji nawajua.

Mtu_wa_Newala
Wakati ule sindano walikuwa hawapati hata watu.

Mama_Ufuta
Mwanangu Mpingo, mimi niko Lindi, nilikuwa nasoma tu, lakini hiyo njia ya pili inanilazimisha niandike. Itakuwa ndefu, mnisamehe.

Tulikuwa na jike la shepherd, si chotara. Marehemu mume wangu alimpenda kuliko sisi. Alikuwa na kasoro moja, mtu akisogea kwenye bakuli lake la chakula anaguruma. Hajang'ata mtu, anaguruma. Tukashauriwa tumpeleke kambi fulani, jina sitaji wala mji sitaji. Akasafirishwa kwa fuso la ufuta, ndani ya kreti la mbao, tukalipa nauli na posho ya dereva. Kila Ijumaa tunatumiwa video. Mbwa amekaa. Mbwa amelala. Mbwa anatembea pembeni ya mguu wa mwalimu bila kamba. Sekunde ishirini, basi. Baba akawa anawaonyesha watu kijiweni.

Siku aliporudi kreti nililifungua mwenyewe. Hakutoka. Nikamwita jina lake, akajikunja pembeni kabisa, mkia tumboni, akajikojolea. Nilipompapasa shingoni nikagusa unyevu. Nikapanua manyoya, vidonda viwili vya mviringo, vidogo kama vifungo vya shati, vimekaa sambamba, kati yao vidole viwili vinapita. Nikapiga simu kuuliza. Wakaniambia ni kupe. Kupe gani wanaouma kwa kupimiana nafasi? Baadaye ndipo nikajua ni kola ya shoti, zile pini zake mbili, alivalishwa usiku na mchana.

Lakini kuguruma kuliisha, na nisiwadanganye, tulifurahi. Unapita karibu na bakuli, kimya. Unalisogeza kwa mguu, kimya. Mwezi wa pili tangu arudi, mtoto wa mdogo wangu, miaka sita, aliinama kuokota ndala yake hapo karibu na bakuli. Mbwa hakuguruma, hakutoa meno, hakusimamisha manyoya. Alimdaka mkono tu. Nyuzi tisa. Tulimwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, tukakimbia hospitali, mtoto akachomwa sindano za kichaa cha mbwa, mbwa akafungiwa siku kumi anaangaliwa. Alikuwa amechanjwa, namshukuru Mungu kwa hilo.

Bwana mifugo akaniambia neno ambalo sijalisahau: mama, walimnyang'anya kengele, hasira wakaiacha.

Yule kambini ukimuuliza leo atasema mbwa wangu alifaulu.

Kijana_wa_Chuno
Hii chai.

Mama_Ufuta
Mtoto ana kovu mkono wa kulia, sasa hivi yuko darasa la nne. Hiyo chai inywe wewe.

Mlinzi_Mstaafu
Pole sana mama. Huo si mseto, huo ni uvivu wa mtu mwenye rimoti. Mbwa anayelinda bakuli hachapwi kwa kuguruma. Unapita mbali kidogo, unamtupia kitu kitamu kuliko alichonacho, unaondoka. Siku nyingi. Mpaka aone mtu akija bakuli linaongezeka.

Binti_Mikindani
Mzee hapo umeongea kama mimi, sijui umejisikia? Wales, kule Ulaya, walizipiga marufuku kola za shoti tangu 2010.

Mlinzi_Mstaafu
Wales hawaibiwi korosho.

Daktari_Kupe
Narudi kwenye swali langu maana limepitwa. Mpingo, chanjo isiyo na karatasi ihesabu kuwa haipo. Chanjo ya kichaa anapewa kuanzia miezi mitatu, kisha inarudiwa kila mwaka. Hiyo si ya parvo na distempa, magonjwa mengine ya mbwa, chanjo zake ni nyingine na zilitakiwa zianze akiwa na wiki sita hadi nane, zirudiwe. Nenda ofisi ya mifugo ya kata yako kesho, kabla hujamjibu mwalimu yeyote. Mbwa ambaye hajachanjwa, anayefunguliwa usiku kwenye ua ulio wazi, halafu ameshaanza kushika nguo za watu, hajafika kwenye swali la kola. Na akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji dakika kumi na tano kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo. Si pilipili, si mafuta ya taa, si jiwe la nyoka.

Mwembe nao. Mbwa wa kufungwa kutwa mahali pamoja, anaona bodaboda zinapita tu hazifikii, unamkaanga mwenyewe. Unamfungulia usiku ametunza hasira ya saa kumi na mbili, wa kwanza kupita ni huyo mzee wa alfajiri. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, watu wanadhani ni ya punda peke yake.

Ustadhi_Kilwa
Assalaam alaykum. Mimi si mfugaji. Nauliza tu, huyo mzee umekwenda kumwona?

Mpingo_Mweusi
Waalaykum salaam ustadhi. Bado. Nilimpigia kelele Simba, mzee akaendelea na safari.

Ustadhi_Kilwa
Mate ya mbwa kwenye kanzu, sisi wa madhehebu ya Shafii, ni kuosha mara saba na moja kwa udongo. Maana yake siku ile mzee alirudi nyumbani, akabadilisha, na swala ya jamaa huenda ikampita. Mbwa wa kulinda shamba na mifugo ana ruhusa yake, sibishani na hilo. Lakini kabla ya kutafuta mwalimu wa mbwa, nenda kwa mzee.

Mtu_wa_Newala
Uzi ulikuwa wa mafunzo, sasa mnaingiza dini.

Kobe_wa_Shangani
Hajaingiza dini, ameingiza jirani. Jirani akichoka Simba ataokotwa asubuhi amekula nyama ya sumu, na hamtamjua aliyeitega. Hapa kwetu hilo wote tunalijua.

Mpingo_Mweusi
Wakuu nimerudi. Mzee nimemwona jana baada ya Magharibi, nimempelekea kanzu mpya. Kaipokea, ila kaniambia njia ile ni yake tangu Naliendele ikiwa mikorosho mitupu, hataibadilisha kwa ajili ya mbwa. Chanjo ya kichaa kachomwa leo, karatasi ninayo. Dagaa nimejaribu, ndani ya nyumba ananitazama kama malaika, nje hanijui. Dar nimeifuta, mama ahsante. Kijana nimemwomba anisubiri mpaka Jumatatu. Bado sijui.

Mlinzi_Mstaafu
Muulize swali moja tu: mbwa akiguruma utafanya nini? Akijibu "namnyamazisha", achana naye.

Binti_Mikindani
Na umwambie afundishe na watoto wakiwepo, na mama yao. Mbwa akimtii mwalimu peke yake umenunua mbwa wa mwalimu.

Kobe_wa_Shangani
Mimi nina njia ya nne. Upande ulio wazi una urefu gani? Laki tatu na nusu ni matofali mangapi? Ziba kwanza, mfungue mchana azunguke ndani, usiku kadhalika. Kanzu ya mtu haitapita mbele ya meno yake tena. Kufundisha kuje baadaye kwa hao dagaa.

Mpingo_Mweusi
Hatua ishirini na mbili.

Mtu_wa_Newala
Hiyo laki tatu na nusu haifiki. Bado msingi, bado fundi.

Kobe_wa_Shangani
Si lazima tofali. Nguzo za mikorosho iliyozeeka na waya.

Mtu_wa_Newala
Mimi nguzo ya mkorosho siiamini. Weka mninga.

Kijana_wa_Chuno
Mninga kwa bei ipi? Na kibali utapata wapi?

Daktari_Kupe
Mpingo, distempa na parvo hujajibu.