Mnaowauzia watoto kadi feki za Pokémon hapa Unguja mkiwaambia ni mali, mrudishe pesa za watu

Asalaam aleikum wakuu.

Nimenyamaza vya kutosha. Kuna watu hapa mjini, wengine wana meza Darajani, wengine wanauzia kwenye magrupu ya WhatsApp tu, wanachukua kadi feki za Pokémon, ule mchezo wa Kijapani ambao watu hukusanya na kuuziana kadi zake, wanawauzia watoto wa skuli na vijana wanaotaka kuanza biashara, kisha wanawaapia kuwa hizo ni mali, ziweke tu, baada ya miezi michache utaziuza mara kumi. Huu ni wizi na sitautafutia jina jengine.

Najua watakuja wa kunambia "kaka, waache watu watafute riziki". Mtu akiuza pakti ya shilingi 2,000 akasema hizi ni za kuchezea, mimi sina neno naye. Watoto watacheza barazani, zitachanika, yataisha. Lakini kadi ileile ukiitia kwenye kava la plastiki, ukaiwekea bei ya 30,000 na hadithi ya mzungu aliyenunua moja kwa mamilioni ya dola, hapo umeshamdhulumu mtu.

Msimu wao ni Idi. Watoto wanakusanya mkono wa Idi kwa wajomba na mashangazi, jioni wanashuka Mnazi Mmoja na nguo zao mpya, na hawa jamaa washatandika zamani. Kijana mmoja mtaani kwetu Fuoni, yuko kidato cha pili, alichukua pesa zake za Idi, akaongezea alizolipwa kwa kumsaidia mjomba wake dukani, akanunua boksi zima. Muuzaji akampa na darasa juu yake: nunua kwangu kwa jumla, nenda kauze skuli rejareja, faida yako hii hapa. Kijana akauza. Katika walionunua, mmoja baba yake aliwahi kuishi Uingereza na kadi hizi anazijua. Alipoziona tu akafunga safari hadi kwa kina kijana, akasimama mlangoni mbele ya majirani, akamwita mtoto wa watu tapeli. Mama mtu akawarudishia wazazi wote pesa zao, kwa pesa zake za upatu.

Kijana alipomrudia aliyemuuzia akajibiwa: "Biashara ina faida na hasara, kwani wewe mtoto?" Ndiyo, ni mtoto! Ana miaka 15! Tapeli mwenyewe yuko kwenye meza yake anakunywa kahawa, na jina baya amebebeshwa mwanafunzi.

Nilimpigia simu huyo muuzaji. Sikumtukana. Nilimwambia kama kadi hizi zinapanda bei kama unavyosema, basi zinunue wewe, kwa nusu ya bei uliyomuuzia. Akakata.

Wanaoanza, hili ndilo swali la kuuliza kabla ya kutoa hata shilingi. Maduka ya kweli ya kadi huko Marekani na Ulaya yana orodha mbili, bei ya kukuuzia na bei ya kununua kwako. Ya pili huwa ndogo, maana na wao wanatafuta faida, lakini ipo. Muuzaji anayekwambia kadi ni mali na hana bei ya kuinunua hata ya kutupa, anajua vizuri alichokuuzia.

Tena pigeni hesabu. Pakti halisi ya Kiingereza, yenye kadi 10 za mchezo, dukani Marekani inakwenda karibu dola 4 na nusu hadi 5. Hiyo ni zaidi ya shilingi 10,000 kabla haijapanda ndege, kabla ya ushuru, kabla ya boti ya kutoka Dar. Sasa huyo anayekuuzia kwa 2,000 au 3,000 anaipata wapi? Watakwambia "tunachukua moja kwa moja kiwandani China". Kweli, imetoka kiwandani, ila si kiwanda kinachochapisha kadi za Pokémon.

Na ndani ya pakti mambo yako wazi zaidi. Kadi halisi ina alama ndogo chini: duara ni ya kawaida, almasi ni ya wastani, nyota ni adimu. Pakti ya kweli imejaa duara na almasi, unabahatika kupata moja mbili za maana. Hizi za kwao unafungua, zote zinang'aa, Charizard, yule joka anayetafutwa sana, watatu, na kila mmoja ana nguvu za namba ambazo mchezo wenyewe haujawahi kuzifikia. Mtoto anaruka kwa furaha. Mimi nikiona hivyo moyo unaniuma, kwa sababu pakti yenye vigogo watupu haina kitu.

Chukua kadi mkononi. Ya kweli ina sentimita 6.3 kwa 8.8, na ukiitazama ukingoni kwa makini utaona mstari mwembamba mweusi katikati ya karatasi, ni tabaka la kuzuia mwanga. Washa tochi ya simu nyuma yake, ya kweli itapitisha mwanga hafifu, feki nyingi zitawaka kama karatasi ya daftari. Angalia mgongo, buluu ya feki mara nyingi imepauka au imeingia zambarau. Soma jina Pokémon, nyingi hazina ile alama juu ya herufi e. Na usikubali muuzaji akuchanie kadi "kukuhakikishia", anachana ya kweli moja aliyonayo ili akuuzie feki hamsini.

Zile za dhahabu ndizo zinazonikera kupita zote. Ni plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu, wanakuuzia 15,000 moja. Kampuni ya Pokémon imewahi kutoa kadi chache za chuma, kwa mfano Pikachu na Charizard kwenye boksi kubwa la maadhimisho ya mwaka 2021, lakini hizo zilikuja ndani ya maboksi ya bei kubwa. Hazitoki kwenye pakti za mtaani, na hazining'inizwi kwa kamba mezani.

Kuna ghilba nyengine ya mwaka. Chini ya kadi za zamani za Kiingereza pameandikwa 1995, 96, 98. Muuzaji anamwonesha kijana: "Umeona? Ya 1995 hii, ina umri kuliko wewe!" Hiyo ni miaka ya hakimiliki, haisemi kadi imechapishwa lini. Kadi za mchezo huu zilianza kuuzwa Japani Oktoba 1996, na za Kiingereza zikaja 1999. Kadi ya mchezo iliyochapishwa 1995 haipo duniani. Na hao wachapishaji wa feki wanakopi mstari huohuo kama ulivyo, kwa hiyo hata kadi iliyotoka mashineni mwezi uliopita itasoma 1995.

Bei nazo wanazichezea. Wanakuonesha picha ya simu, kadi imetangazwa eBay, lile soko la mtandaoni, dola 5,000. Mtu yeyote anaweza kutangaza bei yoyote, hata mimi naweza kutangaza embe dodo kwa milioni. Bei ya kweli ni ile iliyolipwa. Pale eBay kuna sehemu ya kuchuja vitu vilivyokwisha kuuzwa, bonyeza hapo uone, halafu linganisha na tovuti za kuuzia kadi, TCGplayer kwa soko la Marekani au Cardmarket kwa Ulaya. Na uangalie hali ya kadi unayolinganisha nayo. Ile iliyopewa daraja la 10, la juu kabisa, na PSA, kampuni inayokagua kadi, na ile iliyokunjika pembe zina jina moja, hazina bei moja.

Wale mtakaosema "mjinga ndiye aliwaye", someni kisa cha Logan Paul, Mmarekani wa YouTube. Alinunua kasha lililodaiwa kuwa la maboksi ya kadi za Pokémon za toleo la kwanza kwa dola milioni 3.5, likiwa limeshakaguliwa na watu wenye kazi hiyo. Januari 2022 likafunguliwa, ndani mkakutwa kadi za G.I. Joe, wale wanasesere wa kijeshi, si Pokémon. Mtu mwenye mamilioni na wataalamu pembeni kaliwa. Mtoto wa Fuoni mwenye pesa za Idi mnamtaka ajihami na nini?

Ubaya wao unatufikia hata sisi tunaokusanya kwa haki. Tuko wachache, tunabadilishana, mmoja akisafiri anawaletea wenzake. Siku hizi ukimwonesha mtu kadi halisi anakucheka, anakwambia hizo zipo Darajani buku. Na kwa hali yetu ya hewa wanaoanza wanachanganyikiwa zaidi. Kadi zinazong'aa zina tabaka la foili, na karatasi inanyonya unyevu foili hainyonyi, kwa hiyo masika ikiingia kadi inapinda yenyewe. Kijana mmoja alitupa kadi zake za kweli kwa sababu hawa jamaa walimwambia "ikipinda ni feki". Si kweli hata kidogo. Zitieni kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vile vipakti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, mbali na ukuta unaotoa chumvi.

Sisi ni watu wa dini, wengi wetu tumekaa chuoni. Kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, kutia mkono kwenye rundo la chakula sokoni na kukuta limelowa chini, kila mtu kakisoma. Bidhaa yenye aibu inaoneshwa aibu yake kabla ya kuuzwa. Nyinyi mnaificha, tena kwa mtoto, tena siku ya Idi.

Wazazi, mtoto akija na kadi msimpige wala msimtupie. Muulizeni kanunua kwa nani, na pesa imelipwa kwa njia gani. Hawa hawatoi risiti, na malipo ya simu wanayapokea kwa jina la mtu mwengine, kwa hiyo hifadhini ule ujumbe wa muamala. Mwenye kadi asiyejua ni ipi, aweke picha hapa chini, mbele, nyuma na ukingoni. Nitaziangalia moja moja na sitaki malipo.

Na wewe uliyemuuzia kijana wa Fuoni, najua unasoma humu. Jina lako sijaliweka. Mrudishie yule mama pesa zake zote. Ukikataa, mimi na yeye tutakwenda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara na boksi lako, ujumbe wako wa sauti na muamala, na hapo jina lako utalitaja mwenyewe.