Naombeni ushauri: vifupisho kwenye mafaili ya wagonjwa, tuache vipi?

Muuguzi wa zamu:
Wanajukwaa, salaam. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya wilaya. Juma lililopita, nikiwa zamu ya usiku, nilikuta kwenye faili la mgonjwa wa kisukari ameandikiwa insulini "10U", na ile U ilikuwa imeziba juu kwa wino, nikaisoma 100. Nilikwisha kuivuta dawa ndipo nikashtuka kuona bomba la mililita moja limejaa hadi mstari wa mwisho. Nililiweka chini nikampigia simu daktari wa zamu, naye akathibitisha kwamba alikusudia yuniti 10. Mgonjwa hakudhurika, lakini mimi sijatulia tangu siku hiyo. Muuguzi mfawidhi ameniomba nipendekeze utaratibu wa wodi yetu. Je, tupige marufuku vifupisho vyote, au vipo vinavyoweza kubaki?

Mfamasia:
Pole sana, dada, na hongera kwa kupiga simu. Nchini Marekani, Joint Commission, chombo kinachotoa ithibati kwa hospitali, kilitoa mwaka 2004 orodha ya vifupisho visivyotakiwa kuandikwa, na hiyo U imo, pamoja na IU (yuniti za kimataifa), ambayo kwa mwandiko wa haraka husomeka IV (dawa ya kupitia mshipa) au 10. Orodha hiyo inagusa pia nukta: ukiandika 1.0 mg na nukta isionekane, mgonjwa atapewa 10, na ukiandika .5 bila sifuri mbele, atapewa 5. Andikeni 1 mg na 0.5 mg.

Daktari:
Naunga mkono, ila msifute vyote, kwa sababu daktari mwenye foleni ndefu mlangoni hataacha BD (mara mbili kwa siku) na TDS (mara tatu kwa siku), ambazo kila mmoja wetu anazielewa kwa namna moja, na utaratibu usiofuatwa haumlindi mgonjwa. Mimi ningeanza na OD. Wodini tunaisoma "mara moja kwa siku", lakini kliniki ya macho ni jicho la kulia. Niliwahi pia kuandika BS nikitaka kipimo cha sukari (blood sugar), maabara wakaisoma blood slide, wakaniletea majibu ya malaria, na saa nzima ikapotea kwa mgonjwa aliyekuwa hajitambui.

Mkunga:
Wodi ya wazazi tunaogopa zaidi MgSO4 na MSO4. Ya kwanza ni magnesiamu salfeti, tunayompa mama mwenye kifafa cha mimba; ya pili ni mofini, ambayo ikizidi hudidimiza upumuaji. Kinachozitofautisha ni herufi moja ndogo, kwa hiyo kwetu majina ya dawa hizi huandikwa kwa ukamilifu, hata kwenye lebo ya dripu. Nakuomba, mdogo wangu, uongeze na hili: muuguzi asiyeelewa mwandiko amwamshe daktari saa yoyote bila kukaripiwa.

Muuguzi wa zamu:
Asanteni sana, wakubwa zangu. Rasimu yangu sasa inasema kwamba neno yuniti, majina ya dawa na majina ya vipimo vyote vya maabara yataandikwa kwa ukamilifu, OD itaondolewa, BD na TDS zitabaki, na sifuri zitafuata alivyoeleza mfamasia. Ombi la mkunga nimeliweka mstari wa kwanza. Nitaipeleka kwa muuguzi mfawidhi kesho asubuhi, na akiridhia tutaibandika juu ya toroli la dawa.