Folkboat (mashua ndogo ya tanga) ya mbao imekauka nchi kavu, mwanga unapenya kwenye maungio. Nizibe na nini?

MlingotiMrefu
Wakuu habari za saa hizi. Nimepata Folkboat ya zamani ya mbao, zile mbao za kupandiana, mataruma (mbavu za ndani) ya mwaloni na riveti za shaba. Imekaa juu ya stendi misimu miwili bila kuona maji na sasa ukiingia ndani mchana mwanga unapenya kwenye maungio, sehemu nyingine hata karatasi inapita. Jamaa mmoja anasema nijaze ipoksi (ile gundi inayokauka ngumu) maungio yote, mwingine anasema nivalishe faibaglasi nje nimalize kabisa habari ya kuvuja. Roho inasita maana kwa macho mbao ni nzima. Mnashaurije? Na cha kuangalia kabla sijaishusha ni nini? Nataka hii mashua iishi.

FundiTaruma
Mkuu usiguse ipoksi, nakuomba. Mashua ya hivyo inajiziba yenyewe, ubao ukinywa maji unavimba na maungio yanabanana. Ukijaza kitu kigumu wakati imekauka, siku ikivimba haina pa kwenda, kinachofuata ni riveti kulegea, ubao kupasuka kwenye mstari wa riveti au taruma kukatika, hapo ndo unakuwa umejitafutia kazi ya kweli. Faibaglasi naiogopa zaidi, mbao inavimba na kusinyaa na lile ganda halifuati, linabanduka, maji yanaingia katikati hayatoki na ubao unaoza huku nje panang'aa.

Ninavyofanya mimi, nje ya maungio napaka kitu laini tu, kile ambacho ubao ukivimba unakisukuma nje chenyewe. Kisha mashua inashushwa lakini inabaki kwenye mikanda ya kreni au sehemu ya kina kifupi, pampu ikiwa na betri iliyojaa na nyingine ya akiba pembeni. Itaingiza maji mengi usishtuke, siku ya kwanza inatisha, baadaye utaona michirizi inapungua mmoja mmoja. Usipandishe tanga mpaka itulie, maana mlingoti ukianza kuivuta kabla mbao hazijabana unaitikisa mwili mzima.

Ngama_Kavu
Naunga mkono, ila niongeze maana watu wengi wanaangalia maungio wanasahau ndani. Fungua sakafu yote ufike kwenye ngama (chini kabisa ndani, maji yanapokusanyika), chukua bisibisi nyembamba, dunga mataruma pale yanapokunja kuelekea chini, ndipo yanapokatikia mara nyingi. Mwaloni mzima unagoma, uliooza bisibisi inazama na ukiitoa inakuja na unyevu mweusi. Taruma lililokatika halimalizi mashua, unalaza jingine pembeni yake na kupiga riveti upya.

Halafu boliti za mkuku (uti wa chini wa mashua) jamani!! Ile Folkboat imebeba chuma cha takriban tani moja pale chini, na boliti inaweza kuwa nzuri juu na nzuri chini huku katikati, pale mbao inapokutana na chuma, imeliwa imebaki nyembamba. Kwa macho hutaijua. Toa hata moja mbili uzitazame, ukikuta imeliwa toa zote.

Na maji ya mvua uyaogope kuliko ya bahari. Chumvi inazuia ule ukungu unaoozesha mbao, maji yasiyo na chumvi yaliyotuama chini ya deki ndo yanaukuza. Kwa hiyo wale wanaokwambia uweke mpira wa maji ndani ili ivimbe ikiwa bado kwenye stendi, sikubaliani nao, afadhali magunia yaliyoloweshwa maji ya chumvi. Ukiifunika acha upepo upite mbele na nyuma.

TangaLaJoshi
Mimi naleta upande wa mbio. Folkboat ilichorwa Sweden mwaka 1942, kulikuwa na shindano ambalo halikutoa mshindi mmoja, Tord Sundén akaunganisha mawazo ya michoro kadhaa. Urefu mita 7.68, upana 2.20, na raha yake ni kwamba zote zinatakiwa zifanane ili anayeshinda awe baharia. Hata za faibaglasi zilipokuja miaka ya 1970 zilipewa umbo lilelile la mbao za kupandiana, na za mbao bado zinashindana nazo. Ukiivalisha ganda umebadilisha uzito na umbo, ukija kwenye vipimo utajuta. Faida nyingine ya darasa kama hili (mashua za aina moja zinazoshindana), michoro ipo, ukitaka ubao mpya au usukani unajua ukubwa kamili, hubahatishi.

Vanishi usisubiri ibanduke. Kila msimu msasa mwepesi na mikono miwili mitatu myembamba, jua likishapenya mpaka kwenye mbao utakwangua yote mpaka chini.

MlingotiMrefu
Asanteni sana wakuu, ipoksi nimeachana nayo. Leo nimefungua sakafu, mataruma mawili upande wa kushoto yamepasuka pale pale kwenye kunja, mengine bisibisi inagoma vizuri. @FundiTaruma, hayo mawili nitengeneze kabla ya kushusha au baada ya kuvimba?

FundiTaruma
Kabla. Ila riveti usizikaze mpaka mwisho, kaza zishike tu, ukiukandamiza ubao mkavu halafu ukavimba utapasuka. Zile za zamani zilizolegea zisubiri ikishatulia majini ndo ujue ipi kweli imelegea.