Bosi kaniambia nimwache mtoto alie. Nivumilie au niache kazi?

Dada wa Raskazone (mleta uzi)
Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Naombeni ushauri, msinitukane.

Nafanya kazi za ndani kwa familia ya Kijerumani hapa Tanga, Raskazone. Baba yuko kwenye mradi wa maji, mama anafanyia kazi nyumbani kwenye kompyuta. Wana mtoto mmoja wa kiume, miezi saba. Ni watu wazuri, mshahara hauchelewi, nikiumwa natibiwa. Shida ni kilio cha mtoto.

Kwenye mlango wa friji kuna karatasi ya ratiba. Saa saba mchana mtoto alazwe kitandani kwake, chumbani kwake, mlango urudishwe. Akilia, asubiriwe dakika tano. Akiendelea, mtu aingie, amwekee mkono kifuani, atoke bila kumnyanyua. Halafu dakika kumi. Wanasema anajifunza kujituliza mwenyewe. Mimi nimekulia Muheza. Kwetu mtoto akilia kidogo tu, jirani anavuka ua kuja kuuliza kuna nini. Sasa nasimama jikoni nakata vitunguu ambavyo wala sivihitaji.

Nivumilie au niondoke? Mwisho wa mwezi ndio huo unakuja.

chuma_cha_reli
Novemba 1914 hapahapa Tanga nyuki waliwatimua askari wa Mwingereza, Mjerumani akabaki na mji. Leo Mjerumani huyohuyo kashindwa na mtoto wa miezi saba. Naweka kambi.

Mama Sharifa
Mshahara hauchelewi, unatibiwa, halafu unauliza uache kazi? Mimi nilifanya kwa Mswahili mwenzangu Ngamiani, nalala stoo na magunia ya mchele, mwanawe kutwa yuko mgongoni kwangu huku nasonga ugali. Kiuno hakijapona mpaka leo. Ningepewa karatasi inayosema mwache alie ningeibusu. Kaa hapo mdogo wangu.

Bondei Halisi
Wazungu hawana huruma, mjadala ufungwe. Mtoto analia, wewe unaangalia saa! Ndiyo maana wakizeeka watoto wao wanawapeleka nyumba za wazee. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mwalimu Kizito
Bondei, punguza moto. Jambo hili lina watu waliolifuatilia miaka mingi. Mtafiti wa malezi ya watoto, Mary Ainsworth, alikuwa Uganda mwaka 1954 na 1955, akizunguka vijiji vya jirani na Kampala kutazama kina mama wa Kiganda na watoto wao, familia 26. Matokeo yakachapishwa 1967. Baadaye akatazama kina mama wa Baltimore, Marekani, na yeye na mwenzake wakaona kwamba mtoto aliyekuwa akiitikiwa mapema alipolia, alikuja kulia kidogo zaidi mwaka wake wa kwanza ulipokuwa unaelekea ukingoni. Hapo wewe na mleta uzi mna hoja.

Lakini kipimo chake, cha kutazama mtoto anafanyaje mama akitoka chumbani kidogo na kurudi, kilipopelekwa Bielefeld, kaskazini mwa Ujerumani, karibu nusu ya watoto walionekana kama hawana haja na mama zao. Watafiti wa hukohuko hawakusema kina mama wale hawapendi watoto. Walisema pale mama anataka mtoto asiyeng'ang'ania, na anaanza kumzoesha akiwa bado mdogo.

Sasa njoo kwa jirani zetu Wakisii wa Kenya. Mtafiti Robert LeVine alikaa nao miaka ya 1970, akawalinganisha na kina mama wa Boston, Marekani. Aliyoyaona ni haya. Mama wa Kisii mtoto akilia anamnyanyua papo hapo, anamnyonyesha, analala naye. Ila kuongea naye? Kumkazia macho na kucheka naye? Kidogo mno. Mtoto akichangamka, mama anageuza uso, maana anachotaka ni mtoto mtulivu. Mama wa Boston ni kinyume, kutwa anazungumza na kichanga. Kila mmoja anaitikia kitu, wanatofautiana tu ni kitu gani.

Dada wa Raskazone
Mwalimu, ni kama umeingia ndani ya nyumba. Huyu mama anakaa sakafuni, anamwonyesha mtoto vijiko viwili, anamuuliza unataka kipi, halafu anasubiri jibu! Mama yangu alinibeba mpaka nikatembea, lakini sikumbuki aliwahi kuniuliza nataka nini.

Na si kwamba kile kilio hakimuumi. Saa saba akishafunga mlango anasimama koridoni, peku, macho kwenye saa ya simu, anatafuna ukucha. Anaumia, ila hafungui.

Mimi akitoka nafungua. Namfunga mgongoni na kanga, dakika hiyohiyo kimya.

Bi Mkubwa wa Makorora
Mwanangu, nimelea sita wangu na wajukuu. Mtoto wa miezi saba aliyechanganya njaa na usingizi hanyamazi dakika hiyohiyo kwa kanga tupu. Umempa nini? Na wewe mwenyewe una mtoto?

Dada wa Raskazone
Shikamoo bi mkubwa. Ninaye, ana miezi tisa, yuko Muheza kwa mama. Naenda Jumamosi jioni, narudi Jumatatu alfajiri.

Bi Mkubwa wa Makorora
Marahaba. Hilo ni jibu la swali la pili.

Dada wa Raskazone
Nimemnyonyesha.

Kabla hamjaanza, nisikilizeni. Chupa alikuwa ameikataa, analia mpaka sauti imekauka, kifua changu kimejaa na gauni limelowa. Mngefanyaje? Bibi yangu alinyonyesha watoto wa jirani aliyefariki kwa uzazi, na hakuna aliyemwita mwizi. Mtoto hajadhurika, amenenepa, mama yake mwenyewe anamsifia. Nimeshapanga: nikipokea mshahara nasema mama anaumwa, naaga vizuri, naondoka. Nilichotaka kwenu ni mniambie kama sikosei kuondoka.

Ustadh wa Chumbageni
Dada, hili si la kuaga na kuondoka. Kwa sisi Mashafii, mtoto akinyonya mara tano mbalimbali kabla hajatimiza miaka miwili, huyo ni mwanao wa kunyonya. Mwanao wa kuzaa ni wa kike au wa kiume? Akiwa wa kike, huyo Mjerumani ni kaka yake, ndoa haipo kati yao, na wazazi wana haki ya kujua. Umemnyonyesha mara ngapi?

Dada wa Raskazone
Ni wa kike. Sikuhesabu, ustadh.

chuma_cha_reli
Hongera, una mwana Ulaya. Viza ya kwenda kumsalimia unaombea dirisha lipi?

Nesi wa Zamu
Mnaleta utani kwenye jambo la hatari. Dada, umepima VVU lini mara ya mwisho? Kipimo cha kliniki ya ujauzito ni cha zamani sasa. Maziwa ya mama yanaweza kupitisha virusi, hata kama mama anajiona mzima kabisa. Kesho asubuhi nenda kituo cha afya, kipimo ni bure na majibu unaondoka nayo. Watakuambia pia urudie lini. Halafu waambie wazazi. Mtoto akiugua, daktari atauliza amekula nini na amenyonya wapi, na wao watajibu wasichokijua. Na acha kumnyonyesha kuanzia leo, si kuanzia mshahara.

mzalendo_77
Chai. Tena sukari imezidi. Mama anashinda nyumbani, huyu ananyonyesha saa ngapi asionekane? Wazungu gani wa Raskazone hawana kamera chumbani kwa mtoto? Mtoto wake anamuona mwisho wa wiki tu, maziwa yanatoka wapi? Halafu dada wa kazi gani anaandika aya zimepangika hivi? Huyu ni mwanaume, yuko Dar, anatafuta stori ya kuuza.

Mama Sharifa
Kwa hiyo dada wa kazi hajui kuweka nukta? Mimi nina kidato cha nne na nimelala na magunia. Ushindwe.

Nesi wa Zamu
Hilo la maziwa nakujibu. Yanatengenezwa kadiri yanavyonyonywa. Anayeyavuta huko Raskazone ndiye anayafanya yasikauke. Kifua hakiulizi mtoto wa nani.

Dada wa Raskazone
Kamera ipo, inaangalia kitanda. Mimi nampeleka chumba cha kufulia. Na mama hashindi nyumbani kila siku, Jumanne na Alhamisi anakwenda ofisini kwa mumewe. Kama ni chai, mzalendo, si lazima uinywe.

Bondei Halisi
Nilisema wazungu hawana huruma, sijafuta. Ila mtu akimnyonyesha mwanangu kimyakimya, anatoka kwangu usiku huohuo na begi lake.

Mwalimu Kizito
Haya ndiyo maajabu ya uzi huu. Sote tunasema mtoto wa jamii ni wa wote, mpaka awe wetu.

Bi Mkubwa wa Makorora
Mwanangu, usimsikilize anayesema ni uongo wala anayesema ni kweli, watu hawa hawakujui. Nenda kwa mama mtu, usianze na baba. Ngoja mtoto amelala, mkae mezani. Usianze na habari za bibi yako wala desturi za Muheza. Mwambie ulichofanya, mpe karatasi ya kipimo, nyamaza. Kukukasirikia ana haki. Nawe niulize hili: hiyo saa saba mchana binti yako naye akililia ziwa, anapewa nini?

Dada wa Raskazone
Anapewa uji. Mama anasema siku hizi anaunywa vizuri.

mzalendo_77
Naona kimya siku ya tatu sasa. Mwandishi yuko anatunga sehemu ya pili.

Dada wa Raskazone
Nimepima, niko salama, nimepangiwa kurudia baada ya miezi mitatu. Jana nimemwambia mama. Hakupiga kelele. Akaniuliza mara ngapi, kama ustadh vilevile, nami jibu ni lilelile. Akasoma karatasi ya kituo cha afya, akamwita mumewe, wakaongea Kijerumani muda mrefu. Wamempeleka mtoto kwa daktari. Mimi nimelipwa mwezi mzima, nimeambiwa nikae nyumbani mpaka wanipigie. Kabla sijatoka mama aliuliza jina la binti yangu, sijui ni kwa nia gani. Niko Muheza. Mkiniambia ningeondoka tu bila kusema, nitawaelewa.

Ustadh wa Chumbageni
Umefanya la haki. Mara ngapi bado unatakiwa kukumbuka.

chuma_cha_reli
Nafasi ikibaki wazi, mdogo wangu yuko Pongwe. Hana mtoto, hana maziwa, na kilio cha mtu hakijawahi kumwamsha, muulizeni mama yetu.